Kituo Chako Kiwe Wapi? Ushauri kwa Kijana wa Rufiji Anayefanya Kazi za Mtandaoni

Kijana wa kijiji cha Ngorongo, Rufiji, akipata mteja wa kwanza kutoka nje ya nchi, rafiki zake humuuliza swali moja: "Sasa unahama lini?" Hawamuulizi mteja analipa kwa njia gani, wala kazi inatakiwa saa ngapi. Wameshaamini kwamba kazi ya mtandaoni ina miji yake, na miji hiyo si Ikwiriri wala Kibiti. Ni Lisbon, Chiang Mai, Bali, Medellín na Dubai. Na kwa mwenye mfuko mwepesi, Nairobi. Orodha za miji hiyo zinapita kwenye simu kila kukicha, zimepangwa kwa bei ya kahawa, kasi ya intaneti na uzuri wa fukwe.

Makala hii ni kwa ajili ya yule anayezisoma orodha hizo akiwa Rufiji au Kibiti: mtafsiri, mtengeneza tovuti, mchoraji wa matangazo, mtunza hesabu, anayerekodi sauti au kuweka alama kwenye picha kwa ajili ya kampuni za akili mnemba. Simzuii kuhama. Nataka tu ajue kwamba orodha zile hazikuandikwa kwa ajili yake, na kwamba ana mizani yake mwenyewe ya kupimia.

Mwandishi wa kawaida wa orodha hizo ni Mmarekani, Mjerumani au Mwingereza. Anaingia nchi nyingi bila viza, analipwa kwa dola au yuro, na akiugua ana bima inayomfuata. Kwake yeye kuchagua mji ni kuchagua hali ya hewa na chakula. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, kuchagua mji huanzia ubalozini. Ureno ilianzisha viza ya wafanyakazi wa mbali Oktoba 2022, na sharti lake ni kipato kinachofikia mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa nchi ile. Kwa mwaka 2025 hiyo ilikuwa yuro 3,480 kwa mwezi. Dubai ilifungua mpango wake Oktoba 2020 ikitaka dola 5,000 kwa mwezi, baadaye ikashusha hadi 3,500. Mauritius ni nafuu zaidi, dola 1,500. Hata viza fupi ya kuingia nchi za Schengen, ambayo haikupi haki ya kuishi huko, ada yake ilipanda hadi yuro 90 Juni 2024, na ukikataliwa hairudishwi.

Sasa mchukue kijana anayeingiza dola 400 kwa mwezi kwa kutafsiri. Ikwiriri fedha hizo zinamlipia nyumba, zinamlisha, zinamsomesha mdogo wake na bado anaweka akiba. Lisbon hazimfikishi hata kwenye mlango wa ombi la viza. Kipato ni kile kile, na mtu ni yule yule. Kwa hiyo kabla hujauliza mji upi ni mzuri, uliza kipato chako kinakufanya nani katika mji huo.

Jambo la kwanza la kupima ni njia ya malipo, na hapa ndipo wengi wanapokwama baada ya kuwa wameshaifanya kazi. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania inakuruhusu kulipa, haikuruhusu kupokea. Kenya mambo ni tofauti: tangu 2018 mtu anaweza kupokea kwa PayPal na kuzitoa fedha moja kwa moja kwenye M-Pesa yake ya Safaricom. Tofauti hiyo peke yake imewafanya vijana wengi wa Tanzania wautamani mji wa Nairobi, na wengine wameazima akaunti za jamaa zao wa Kenya. Usifanye hivyo. Akaunti ni ya mwenye jina lake. Siku mkikosana, au kampuni ikitaka kuhakiki kitambulisho, fedha zako zinakwama mikononi mwa mtu ambaye itakuwa vigumu kumdai. Majukwaa kama Upwork yanakataza kabisa mtu kutumia akaunti ya mwingine, na adhabu yake ni kufungiwa. Ukiwa Tanzania, Payoneer inafanya kazi na inaingiza fedha kwenye akaunti ya benki ya hapa nchini. Mteja mkubwa pia anaweza kukutumia moja kwa moja benki, ingawa makato yake yanauma kwa malipo madogo. Mwombe akulipe mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki. Ukishapanga vizuri malipo, sababu moja kubwa ya kuhamia Nairobi inakuwa imeondoka.

La pili ni saa. Hapa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo haisemwi sana. Mteja wa Dubai au Muscat anapofungua ofisi saa tatu asubuhi kwake, kwetu ni saa mbili. Mteja wa Berlin akianza saa tatu wakati wa baridi, kwetu ni saa tano. Wa London akianza saa tatu, kwetu ni saa sita mchana, na wakati wa kiangazi chao ni saa tano. Maana yake unaweza kuhudumia Ghuba asubuhi na Ulaya mchana bila kukesha. Kazi ngumu ni ya Marekani. Ofisi ya New York inayofanya kazi saa tatu mpaka saa kumi na moja, wakati wa baridi kwetu inaanza saa kumi na moja jioni na kuisha saa saba usiku. California ndiyo usiseme: saa mbili usiku mpaka saa kumi alfajiri. Mtu akikuambia uhamie Chiang Mai huku wateja wako wakiwa Ulaya, anakutoa kwenye saa nzuri anakupeleka kwenye saa mbaya, kwa sababu Thailand iko mbele yetu kwa saa nne. Mwenye wateja wa Ujerumani na Oman hana mahali pazuri zaidi pa kukaa kuliko ukanda huu wetu. Usisahau pia siku za mapumziko. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Umoja wa Falme za Kiarabu tangu Januari 2022 hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa serikali yake hufanya kazi nusu siku.

La tatu ndilo zito kuliko yote: umeme na mtandao. Hapa nitakaa kidogo.

Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwenye mto wetu, kule juu Stiegler's Gorge, na uwezo wake ni megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, baada ya miezi ya mgawo mkali uliowatesa watu wa Dar es Salaam kuliko walivyotaka kukiri. Tangu hapo mgawo umepungua. Lakini umeme wa gridi kufika nchini ni jambo moja, na nguzo ya mwisho kufika kwenye dirisha lako Ngorongo ni jambo lingine. Nyaya ndefu za vijijini huangukiwa na matawi, nguzo huoza, na fundi hutoka mbali. Kwa hiyo usipime kijiji au mji kwa kuuliza "umeme upo?" Uliza umekatika mara ngapi mwezi uliopita, na ulipokatika ulirudi baada ya muda gani. Muulize mwenye mashine ya kusaga na mwenye duka la samaki wa barafu. Hao wanakumbuka kila kukatika kwa sababu kila kukatika kuliwatia hasara. Kuunganishiwa umeme wa vijijini ni Sh 27,000, bei ambayo haiwezi kulinganishwa na unachotumia ukipanga chumba mjini. Ongeza sola ndogo yenye betri inayotosha kompyuta, taa na rauta kwa saa sita, na utakuwa umejikinga na matatizo mengi.

Mtandao nao una minyororo yake. Kwenye kijiji, udhaifu wa kwanza ni mnara: ukizimika, mtaa mzima unanyamaza. Dawa yake ni kuwa na laini mbili za kampuni mbili tofauti zenye minara tofauti, si laini mbili za kampuni moja. Halotel ilipoanza huduma 2015 ilijenga sana vijijini, na mahali pengi pa ndani ndiyo inayoshika wakati nyingine zinasuasua. Jaribu kila laini mahali pale pale utakapoweka meza, mchana na usiku, maana saa mbili usiku kila mtu yuko mtandaoni na kasi inashuka. Bando la usiku ni rahisi, kwa hiyo mafaili makubwa yapande na kushuka wakati umelala.

Lakini kuna matatizo ambayo hata ukihamia Masaki jijini Dar hayakuachi. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa wakati mmoja. Aliyekuwa Ngorongo na aliyekuwa Nairobi walikaa wakiangalia kiduara kinazunguka kwenye skrini, sawasawa. Agosti 25, 2023 Kenya ilikosa umeme karibu nchi nzima usiku mmoja, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wetu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikarudi siku kadhaa baadaye. Uganda nayo ilizima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Nayataja haya kwa sababu mteja wa nje hayajui, na ukimweleza baada ya tukio anaona ni visingizio. Mweleze kabla. Andika kwenye makubaliano kwamba mtandao wa nchi ukizimwa au kebo ikikatika, muda wa kukabidhi kazi unasogea. Zikikaribia siku za uchaguzi, kabidhi kazi wiki moja mapema. Na kama mteja wako anakutaka utumie VPN, kumbuka kwamba mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa agizo Oktoba 2023 kwamba watumiaji waziandikishe. Fanya hivyo, utulize moyo.

Kenya na Rwanda zina kitu kimoja cha ziada hapa: Starlink, iliyofunguliwa Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai 2023. Kwa anayekaa mbali na faiba, hiyo ni faida ya kweli, na ndiyo inayofanya mashamba ya Kenya yawe ofisi nzuri siku hizi.

Baada ya mizani hizo tatu, tuitazame miji yenyewe.

Dar es Salaam ndiyo ya kwanza kwa kila mtu wa kwetu, kwa sababu basi la Mbagala Rangi Tatu linakufikisha Kibiti kwa njia isiyozidi kilomita 150, na ndugu wa kukupokea wapo. Faiba ipo, benki zipo, watu wa fani yako wapo. Buni Hub, ndani ya COSTECH pale Sayansi, ilianzishwa kwa ajili ya vijana wa teknolojia, na kijana aliyetoka peke yake kijijini akiingia pale akakuta wenzake wanaoandika programu, anajifunza kwa mwezi mambo ambayo peke yake yangemchukua mwaka. Hilo silidharau hata kidogo. Upweke unaua kazi hii kuliko mtandao mbovu. Tatizo la Dar ni kodi ya nyumba. Mwenye nyumba anataka miezi sita, mara nyingi mwaka mzima, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Kijana anachukua akiba yote ya miezi minane ya kazi anaiweka mkononi mwa mwenye nyumba siku moja, halafu mteja anaondoka mwezi wa pili. Kwa angalau jambo moja sheria imemsaidia mpangaji: kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo mwenye nyumba wa Msasani asikutajie dola.

Ukiwa Dar, usipange kwa kufuata jina la mtaa. Anayefanya kazi nyumbani hana haja ya kukaa karibu na Posta. Mbagala, Kongowe na Vikindu ziko upande wa kwenu kabisa, kodi yake ni ya chini, na mtu wa Rufiji hapati shida kutoka hapo kwenda nyumbani Ijumaa jioni. Swali pekee ni kama faiba imefika kwenye mtaa huo. Muulize fundi wa kampuni ya intaneti, usimuulize dalali.

Morogoro na Dodoma zimekuwa karibu kuliko zamani tangu treni ya SGR ilipoanza 2024, Morogoro Juni na Dodoma Julai. Kwa mwenye wateja wa Dar anaotakiwa kuonana nao mara mojamoja, Morogoro ni mji mzuri wenye maji, hewa na kodi ya kibinadamu. Lakini kwa mtu wa Rufiji uko upande usio wa kwenu, na mama akiugua utapita Dar kwanza kabla ya kufika nyumbani.

Zanzibar inapendwa sana na wageni wanaofanya kazi kwa kompyuta, hasa Paje na mwambao wa mashariki, na Fumba kuna mji mpya uliojengwa kwa kupangwa. Kwa Mzungu anayelipwa yuro, Paje ni nafuu. Kwako bei imeshapandishwa na huyo huyo, na chumba kilichokuwa cha mvuvi sasa kinapangishwa kwa usiku mmoja mmoja. Ningemshauri mtu aende Zanzibar kwa sababu moja tu: kama kazi yake inahusu utalii wenyewe, yaani picha, tovuti za mahoteli, tafsiri za wageni. Hapo wateja utawakuta barabarani.

Nairobi naipa nafasi kubwa, maana ndiyo mji unaoshindana kweli. Mtanzania anaingia Kenya bila viza akiwa na pasipoti, na pasipoti yetu ni Sh 150,000. Kodi ya nyumba hulipwa mwezi kwa mwezi, na mwanzoni unaweka amana ya mwezi mmoja. Kwa kijana asiye na mtaji, utaratibu huo peke yake unastahili kusafiri. Faiba imeenea mpaka maghorofa ya Roysambu na Rongai. Kampuni za kimataifa zimejaa, na ukikutana na mtu kwenye mkutano wa wataalamu unaweza kutoka na kazi. Lugha haikusumbui, ingawa Kiingereza chao cha ofisini kitakulazimu unyooshe chako.

Upande wa pili, kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi. Kwa anayetaka kukaa kwa muda mrefu kuna vibali, na Kenya ilitangaza mwaka 2024 kibali maalumu kwa wafanyakazi wa mbali. Kasome masharti yake kwenye idara ya uhamiaji, usiyapate kwa mtu wa kijiweni. Ukikaa nchi moja zaidi ya siku 183 kwa mwaka, kodi ya mapato inaanza kukuhusu huko, kama ilivyo hapa kwetu. Tena Nairobi ndiyo iliyotufundisha kwamba wingi wa kazi si lazima uwe wema wa kazi. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba waliokuwa wakisafisha maandishi ya ChatGPT mjini humo, kwa kusoma matusi na ukatili mchana kutwa, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Machi 2024 jukwaa la Remotasks liliifungia Kenya ghafla, na vijana waliokuwa wakilitegemea peke yake wakaamka hawana kazi. Ukienda Nairobi ukiwa na mteja mmoja tu, umepeleka hatari yako kwenye mji wa gharama kubwa zaidi.

Kigali ni mji safi, tulivu, na salama kutembea usiku. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kwa mtu aliyekamilika katika fani yake na anayetaka utulivu wa kuandika, ni mzuri. Kwa anayeanza, soko ni dogo na ndugu hakuna.

Muscat ina mvuto wa aina yake kwetu watu wa pwani. Ukienda sokoni Mutrah utasikia Kiswahili, kwa sababu familia nyingi zenye asili ya Oman zilirudi kutoka Zanzibar na mwambao baada ya 1964, na wengine baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka 1970. Majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji, kutoka Salale na Simba Uranga, hadi Ghuba kwa karne nyingi. Nyumba za kule ziliezekwa kwa miti yetu. Lakini udugu huo haukupi kibali. Ukiacha mpango ule wa Dubai, kuishi Ghuba kwa kawaida kunategemea viza ya mwajiri au mdhamini, na simu za WhatsApp za sauti zimefungwa Dubai, kwa hiyo hata kuongea na mama kunahitaji programu nyingine. Nyumba Dubai mara nyingi hulipiwa kwa hundi chache za mbele kwa mwaka, na lazima mkataba usajiliwe kwenye mfumo wao wa Ejari. Kwa maoni yangu, mtu wa Rufiji afanye kazi *na* Ghuba, asihangaike kufanyia kazi *kutoka* Ghuba. Kampuni za Muscat zinazouza Afrika Mashariki zinahitaji matangazo, tafsiri na watu wa kuhudumia wateja kwa Kiswahili, na saa zenu zinakaribiana.

Na ukiahidiwa kazi ya kompyuta Thailand yenye mshahara mnono, tiketi imelipwa, usiende kabla hujathibitisha. Mapema 2025 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, waliokolewa kutoka kambi za utapeli ndani ya Myanmar karibu na mpaka wa Thailand. Wengi waliondoka kwao wakiamini wanakwenda kuhudumia wateja. Kazi ambayo kweli ni ya mbali haina sababu ya kukusafirisha.

Baada ya kuipima miji yote hiyo, nasema wazi ninachoamini: wengi wenu hamhitaji mji mmoja wa kuhamia. Mnahitaji mahali pawili. Mrufiji wa zamani aliishi hivyo. Alikuwa na nyumba juu penye ardhi isiyofikiwa na maji, na bondeni alikuwa na dungu, akikaa huko msimu wa mpunga na wa mlau, yaani kilimo cha baada ya mafuriko kupungua, akilinda shamba dhidi ya nguruwe na viboko, kisha akirudi juu. Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969 iliwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa upande wa kaskazini wa mto, Ngorongo kikiwa kimojawapo cha ukanda ule, lakini watu waliendelea kushuka bondeni, kwa sababu chakula kilikuwa bondeni na usalama ulikuwa juu. Walijua kwamba mahali pa kuchuma na mahali pa kuishi si lazima pawe pamoja.

Basi fanya hivyo. Nyumba yako ya kudumu iwe Ngorongo, Ikwiriri, Utete au Kibiti, mahali ambapo huna kodi au ni ndogo na ambapo ukikosa mteja miezi mitatu hulali njaa. Kisha uwe na mahali pa kuchumia unapokwenda kwa msimu: Dar wiki moja kila mwezi kwa ndugu au kwenye chumba mnachochangia watu watatu, Nairobi miezi miwili kwa mwaka ukiwa na mradi mkubwa. Kazi ya kukaa na kuandika, ifanye nyumbani. Kazi ya kukutana na watu, kujifunza na kutafuta wateja wapya, ifanye mjini. Gharama ya nauli ni ndogo kuliko kodi ya mwaka mzima.

Mpango huu una masharti yake. Mtu wa Ngorongo anayetegemea barabara ya Mloka ajue kwamba masika barabara ile inaweza kumfungia ndani. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na Kimbunga Hidaya kilipofika mwanzoni mwa Mei kilivunja madaraja kwenye barabara ya Kilwa na kukata njia ya Lindi. Kwa hiyo kituo chako cha nyumbani kisiwe kijiji cha ndani kabisa kama una wateja wasiosubiri. Kwa wengi Ikwiriri au mji wa Kibiti ndiyo jibu: uko kwenye lami, mawakala wa benki wapo, minara ya kampuni zaidi ya moja ipo, na Ngorongo unafika kwa bodaboda au basi barabara ikiwa nzuri. Kwa wale wa visiwa vya delta, Mbwera, Kiasi na Msala, usiweke kazi yako kwenye mashua. Panga chumba Kibiti, urudi visiwani mwisho wa wiki kwa njia ya Nyamisati.

Kuna jambo la nyumbani ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya miji. Ukikaa kijijini mchana kutwa mbele ya kompyuta, utaonekana huna kazi. Baba mdogo atakutuma ukachukue mbolea, shangazi atakuletea watoto, na kikao cha harusi kitawekwa saa nane mchana kwa sababu "wewe upo tu". Hili linavunja kazi nyingi kuliko umeme. Zungumza na wazee mapema, kwa heshima, ukae nao chini: "Baba, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili niko kazini, hata kama mnaniona nimekaa. Baada ya hapo niko nanyi." Mama akielewa, atakulinda kuliko askari. Na mwezi wa kwanza fedha ikiingia, toa chochote kidogo nyumbani kwa wazi, si kwa sifa, bali ili waone kwamba kule kukaa kwako mchana kuna matunda. Kama nyumba ni ya watu wengi, jenga au panga chumba kimoja pembeni chenye mlango unaofungwa. Wateja wa simu za video hawataki kusikia jogoo, na wewe hutaki kuona aibu ya nyumbani kwenu.

Jiandikishe pia TRA upate TIN, ambayo ni bure, na kama kipato kimetulia, changia NSSF kama mtu aliyejiajiri. Mteja wa Ulaya hatakulipia kiinua mgongo.

Ukiamua kujaribu mji mwingine, anza na mwezi mmoja, na usiwalipe watu kodi ya miezi sita kabla hujaishi kwenye mtaa huo wiki mbili. Nenda ukiwa na wateja wasiopungua watatu na akiba ya miezi minne ya matumizi ya mji unaokwenda, si ya mji unaotoka. Kwa mtu wa ndani Rufiji, wakati mzuri wa kuondoka ni Juni, masika ikishapita, barabara imekauka na mavuno ya mpunga yamefika. Usiondoke Machi ukiwa na kompyuta mgongoni na mawingu yametanda juu ya Mloka.